Kujiandalia Uzee Wetu Hapa Githurai

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema mbele ya mkutano huu. Nimeombwa niseme juu ya uzee, na jinsi mtu awezavyo kuuandalia mapema ili siku zake ziwe za raha na za kazi, wala zisiwe za kukaa mlangoni akingojea kuletewa uji. Ombi hilo nalilikubali upesi, kwa kuwa jambo lenyewe latuhusu sote, hata vijana walioketi nyuma ambao huenda wanadhani hotuba hii si yao.

Kwanza nawaomba mfungue kurasa za hesabu katika kitabu hiki cha taarifa. Zimeandikwa kwa uangalifu, wala sina neno juu ya Mweka Hazina wetu. Lakini tazameni fedha zetu zimekwenda wapi. Sehemu iliyo kubwa imekwenda kwa majeneza, magari ya kuchukulia maiti, chakula cha matanga na nauli za waombolezaji. Hayo ni mambo ya heshima, na asiyachezee mtu. Chama chetu, kama vyama vingi vya ustawi katika Kenya, kilizaliwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuzikwa ugenini kama mtu asiye na watu. Hata hivyo naona jambo moja la ajabu. Mzee akilala kitandani miezi 6 bila dawa, hakuna kifungu katika kanuni zetu kituwezeshacho kumsaidia. Akifa Jumatatu, kufikia Ijumaa tumekwisha kuchanga. Yaani twamfahamu mwenzetu vizuri zaidi akiisha kutuacha.

Desturi hii ina asili yake. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyekuwa mjini alihesabiwa kuwa mpita njia. Alilipwa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, akapewa mahali pa kulala badala ya nyumba, na wakubwa wakadhani kwamba nguvu zitakapomwishia atarudi shambani kwao, na shamba ndilo litakalomlisha. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika katika Kenya. Ilisema wazi kwamba mshahara wa namna hiyo hautoshi, ikashauri kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hata kitoshe kumtunza mfanyakazi pamoja na jamaa yake. Habari ya mishahara ikaanza kubadilika. Lakini wazo lile la shamba kuwa pensheni halikuondoka na wakoloni. Limo vichwani mwetu mpaka leo. Mwulize mtu wa hapa, "Mzee, utazeekea wapi?" Atakujibu bila kufikiri, "Nitarudi nyumbani." Naye akisema nyumbani ana maana ya Murang'a, au Nyeri, au Machakos, au Kakamega, au Siaya.

Basi na tuulizane bila haya. Shamba la baba likiwa ekari 4, wana wakiwa 5, na kila mmoja wao ana watoto wake, utarudi kwenye kipande gani? Na mama ambaye ameuza nyanya na vitunguu katika soko letu kwa miaka 30, ambaye wateja wake, wenzake wa chama na waumini wenzake wote wako hapa, atarudi kwa nani? Watoto wake wamezaliwa hapa, na wajukuu husema Kiswahili kwanza, lugha ya babu baadaye. Wako watakaorudi mashambani wakakae vizuri, nami nawatakia heri. Lakini wengi wetu tutazeeka hapa hapa, kati ya reli na barabara kuu ya Thika, tukubali tusikubali. Mji wetu hata jina lake la pili limetokana na nambari ya gari: 45 ni njia ya magari yatokayo Nairobi, kama 44 ilivyo kwa majirani zetu wa ng'ambo ya barabara, walio katika Kaunti ya Nairobi ilhali sisi tu katika Kiambu. Mahali palipoitwa kwa jina la basi ni rahisi mtu kupahesabu kuwa kituo cha kungojea gari. Naona wakati umefika wa kupahesabu kuwa ni kwetu.

Mtu atasimama aniambie, "Mimi sina wasiwasi, nina ploti." Neno hilo ni kubwa katika Githurai, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Tangu barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyoanza mwaka 2009 ikafunguliwa rasmi mwaka 2012, majumba ya kupangisha yamepanda pande zote. Kwa kweli nyumba ya kupangisha ni pensheni njema. Kodi huja kila mwezi, na mwenye nyumba hapigi foleni kwa mtu. Lakini ploti peke yake si pensheni. Mara nyingi mtu wetu hustaafu, hupokea kiinua mgongo chake chote kwa siku moja, akamwita fundi. Fedha humwagwa katika msingi, nguzo na zege, na jengo likifika orofa ya pili fedha zikaisha. Nyumba husimama na vyuma vikichungulia juu, mzee naye hana fedha za dawa. Afadhali vyumba 6 vilivyokamilika na kuwa na wapangaji kuliko orofa 4 zilizobaki mifupa. Tena anayejenga kwa mkopo baada ya kustaafu na afikiri mara mbili, maana benki haijui kuzeeka.

Halafu kuna habari ya hati. Sehemu nyingi za upande huu zilinunuliwa na wazee wetu kwa njia ya makampuni na vyama vya kununua ardhi, nao wakapewa vyeti vya hisa. Cheti cha hisa si hati ya kumiliki ardhi. Chaonyesha kwamba ulilipa, lakini wanao watakapokwenda ofisi ya ardhi watataka jina lako katika sajili. Mzee mwenyewe akiwa hai aweza kueleza alinunua lini, kwa nani, na mpaka ulipita wapi. Akifariki, maelezo hayo huzikwa naye, na ndipo waingiapo madalali na mawakili. Kama cheti chako bado ni cha hisa, shughulika nacho ungali una miguu ya kupanda ngazi za ofisi.

Na kwa kuwa nimetaja ngazi, nimalize neno lake. Ni desturi hapa mwenye nyumba kujiwekea orofa ya juu kabisa, penye upepo mzuri na heshima. Akiwa na miaka 50 hilo halimsumbui. Akifika miaka 75, katika nyumba ya orofa 5 isiyo na lifti, magoti yakiuma na maji ya bomba yamekatika, orofa ile huwa ni gereza. Hushuka mara moja kwa juma kwenda ibada, halafu hata hiyo moja huachwa. Ninyi mnaojenga sasa, jiwekeeni nyumba ya chini: mlango mpana, choo ndani, bafu lisiloteleza, na chuma cha kushikia ukutani. Kodi ya nyumba ile mtaipoteza, lakini mtaendelea kukutana na watu.

Sasa nije kwa wasio na ploti, nao ndio wengi. Mwenye kuajiriwa ana Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kila mwezi. Pigeni hesabu: katika miaka 20 hiyo ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Ndiyo maana wengi waliostaafu walipokea fedha zilizokwisha kabla ya mwaka kwisha. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikazuiliwa na kesi mahakamani, hata ikaanza kutumika mwezi wa Februari 2023. Siku hizi hukatwa asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri hutoa asilimia 6 nyingine, mpaka kiwango kilichowekwa. Nasikia manung'uniko mengi juu ya makato hayo, nami nayaelewa, kwa kuwa unga haungoji. Lakini kijana wa miaka 25 anayenung'unika leo atafurahi akifika 60. La kumhimiza ni kwamba ahakikishe mwajiri wake anazipeleka fedha hizo. Na aulize taarifa ya akaunti yake kila mwaka, asingoje mpaka siku ya kustaafu ndipo agundue miaka iliyopotea.

Mama mboga, fundi, mwenye mkokoteni na dereva wa matatu hawana mwajiri wa kuwakatia. Kwa ajili yao palianzishwa mwaka 2011 mpango wa Mbao, wa shilingi 20 kwa siku, ukaitwa hivyo kwa jina la mtaani la noti ya 20 ya zamani. NSSF nayo ina mpango wake wa Haba Haba, unaoanzia shilingi 25 kwa siku. Sisemi kwamba shilingi 25 zitamtajirisha mtu. Kwa mwaka ni 9,125. Ila mtu akiweka shilingi 50 kila siku tangu umri wa miaka 35 hata 60, ameweka zaidi ya 456,000 kabla ya faida yoyote. Mwenye kusema hana 50 na atazame kwanza anatumia kiasi gani kununua muda wa maongezi ya simu.

Serikali nayo ina sehemu yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa watu waliofika miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Msaada wa fedha kwa wazee ulianza kujaribiwa mwaka 2006 katika wilaya 3, nayo Thika yetu ilikuwa mojawapo, pamoja na Nyando na Busia. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umewalenga wote waliofika miaka 70, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Zanzibar ilikuwa imetangulia, maana mwezi wa Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Fedha za Inua Jamii huchelewa mara kwa mara, tena hazitoshi kodi ya chumba kimoja hapa. Hata hivyo ni haki, na haki haiachwi kwa kuwa ni ndogo. Wazee wengine hawakusajiliwa kwa sababu tu kitambulisho kimepotea, au mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kubahatisha. Hiyo ni kazi ambayo vijana wetu waliosoma wangeweza kuifanya Jumamosi mbili.

Juu ya afya nitasema machache, kwa kuwa tumekwisha kuhutubiwa na wanaojua kuliko mimi. Ugonjwa wa shinikizo la damu na ule wa kisukari humwingia mtu pole pole, naye huona ni uchovu wa kawaida. Pimweni. Hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko hapo karibu, imefanya kazi tangu mwaka 2019, na ile ya Ruiru iko pia. Bima ya zamani ya NHIF ilikoma tarehe 1 Oktoba 2024, ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii iitwayo SHA. Mwenye kadi ya zamani na asidhani kwamba bado inamfaa. Lazima ajisajili upya na kulipa. Mara nyingi mzee hujua kwamba hajasajiliwa siku ileile anapofikishwa hospitalini akiwa hajitambui.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, niseme juu ya kazi. Wako wanaodhani raha ya uzee ni kutofanya neno lolote. Mimi sikubali. Mtu aliyeamka alfajiri kwa miaka 35, akaambiwa ghafula kwamba haitajiki tena, huzeeka miaka 10 katika mwaka mmoja. Sote twamkumbuka Mzee Kimani Maruge. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, alisikia habari hizo, na mwezi wa Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa kaptula na soksi kama watoto. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, na kujua kuhesabu fedha. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York akanena habari za elimu kwenye Umoja wa Mataifa. Fujo za mwaka 2008 zilimfukuza huko, akaja Nairobi, akakaa katika makao ya wazee ya Cheshire, Kariobangi, na hapo pia akaendelea na masomo. Alifariki mwaka 2009. Mzee huyo hakuwa na ploti wala pensheni ya kutajwa. Lakini mpaka mwisho alikuwa na jambo la kumwamsha asubuhi.

Si lazima kila mtu aende shule. Hapa Githurai mzee aweza kuotesha sukuma wiki na mchicha katika magunia ya udongo, hata kama ana uwanja wa hatua 3 tu. Aweza kufuga kuku au sungura. Mwalimu aliyestaafu aweza kuwafundisha hesabu watoto wa ploti nzima jioni, ambao sasa hubaki wanatazama simu mpaka wazazi warudi kutoka kazini. Karani mstaafu aweza kukagua vitabu vya vyama vya akina mama. Na wazee wenye busara wamalize ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba kabla haujafika kwa chifu. Hata kwenda tu kwa miguu asubuhi, watu wawili watatu pamoja, ni dawa. Huko Korogocho akina nyanya wamejifunza mazoezi ya kujikinga na wahalifu, wakawashangaza watu wa magazeti. Sitawalazimisha wazee wetu warushe ngumi, lakini wasiwekwe kando kama vyombo vya zamani.

Yasiyopendeza kusemwa pia yasemwe. Andikeni wasia. Wengi huogopa, hudhani kwamba kuandika wasia ni kukiita kifo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haina mambo mengi: wasia uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili, na shahidi asiwe mrithi wa mali ile. Akina Baba, kwa kawaida wake zetu ni wadogo kwetu, nao huishi kuliko sisi. Mjane asiyejulikana katika karatasi yoyote huondolewa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Tangu mwaka 2013 sheria ya mali ya ndoa inasema kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili. Mke aujue ukweli huo, na ajue hati imewekwa wapi. Tena wazee, namba ya siri ya simu yako ni yako. Mjukuu akutumie fedha, akusomee ujumbe, lakini namba usimpe, hata kama ni mtoto mwema.

Yapo makao ya wazee, kama yale ya Thogoto, na Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor hapo Kasarani. Hufanya kazi njema kwa wasio na mtu, wala tusiwacheke walioko huko. Lakini ni machache, nasi ni wengi, kwa hiyo hatuna budi kutazamana sisi kwa sisi.

Naja kwenye hoja yangu. Sishauri chama hiki kishike pensheni ya mtu. Tumeona vikundi vingi vikikusanya akiba za miaka, halafu fedha zikapotea, na mzee aliyepotezewa akiba akiwa na miaka 65 hana wakati wa kuanza upya. Pensheni ya mtu ikae kwa jina lake mwenyewe, mahali panaposimamiwa na sheria. Kazi ya chama iwe kumwuliza kila mwanachama, mara moja kwa mwaka, kama amejisajili na kama anaendelea kulipa, na kumsaidia asiyejua njia.

Lakini mfuko wetu wa misiba naomba ugawanywe. Katika kila shilingi 100 ziingiazo, 25 ziwekwe katika akaunti ya pili kwa ajili ya wazee walio hai: nauli ya kwenda kliniki, dawa za mwezi ambao mtoto hakuleta kitu, ada ya SHA kwa asiyejiweza, kodi ya mwezi mmoja kwa mjane aliyeuguliwa. Akaunti hiyo itiwe sahihi na watu 3, mmoja wao akiwa mama, na hesabu zake zichapishwe katika kitabu hiki karibu na zile za misiba. Najua kuna watakaosema kwamba matanga yatakuwa madogo. Ndiyo, yatakuwa madogo. Tutapika sufuria mbili badala ya tatu, na basi litakuwa moja.

Tena kila eneo, kuanzia sokoni mpaka Kimbo na Mwihoko, liwe na wanachama wawili wa kuwatembelea wazee waliopita miaka 70, angalau mara mbili kwa mwezi. Kazi hiyo haihitaji fedha. Katibu ameanza orodha ya majina ya wazee hao, nayo iko juu ya meza pale mlangoni. Yeyote anayemjua mzee asiyeandikwa na amwandike kabla hajatoka, pamoja na jina la ploti na orofa anayokaa.

Bwana Mwenyekiti, hoja hiyo naiweka mbele ya mkutano, nami naomba mtu wa kuiunga mkono.